Kaseti za nyumbani: usiokoe wimbo ukaacha sauti za watu

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Magomeni na Ilala hadi Temeke, bado zina boksi la kaseti ambalo haliguswi na mtu. Wenyewe hawazitupi kwa sababu wanajua ndani mna nyimbo zao, na hawazisikilizi kwa sababu redio kaseti ilishakufa. Wajukuu wakiulizwa husema nyimbo hizo zimo zote YouTube. Nyingi zimo kweli. Ambacho hakimo ni sauti ya mtangazaji akisoma majina ya shangazi zako kwenye salamu, mama akimnyamazisha mtoto kwa sababu anarekodi, na wimbo unaokatika ubeti wa pili kwa sababu utepe uliisha. Kumbukumbu ya familia inakaa humo, na ukiokoa wimbo peke yake umeacha nusu ya mali.

Sauti hizo zimo kwa sababu ya namna watu walivyozipata nyimbo zenyewe. Miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Nyerere. Nyimbo zilipigwa hewani, lakini si zote zilizotoka kwenye santuri. Aliyeupenda wimbo alisubiri kipindi, kaseti ikiwa tayari na kidole kiko juu ya kitufe. Ndiyo maana kaseti za nyumbani zina vipande vya matangazo, habari iliyokatwa katikati, na wakati mwingine jogoo.

Kabla ya kugusa deki, yaani mashine ya kupigia kaseti, zipange. Zitangulie zile zenye sauti za watu wa nyumbani: harusi, ngoma, kisomo, barua za sauti kutoka kwa ndugu waliokuwa mbali. Zifuate zilizorekodiwa redioni. Zile za dukani zenye jalada lililochapwa ziwe za mwisho, maana nakala nyingine huenda ipo mahali. Watu wengi hufanya kinyume: wanaanza na albamu wanayoipenda, wanachoka, na kaseti ya harusi ya bibi inabaki kwenye boksi masika nyingine.

Masika naitaja kwa sababu unyevu wa Dar ndio adui mkubwa. Ishike kaseti kwenye mwanga, utazame kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiipige, kwa sababu ukungu utahamia kwenye deki na kutoka hapo kwenye kaseti zinazofuata. Ifunge ndani ya chombo cha plastiki pamoja na vipakiti vya kukaushia, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, iache hapo siku kadhaa, halafu vaa barakoa na uondoe unga kwa brashi laini kavu huku ukizungusha utepe polepole kwa mkono. Kaseti za namna hii zipigwe mwisho kabisa. Na usimsikilize anayekwambia uiweke kwenye oveni. Ushauri huo unatokana na aina fulani za tepe kubwa za studio; kaseti yako itapinda plastiki na hutaipata tena.

Tazama pia kile kipande kidogo cha kitambaa kilichobandikwa kwenye kibati chembamba, katikati ya upande wa utepe unaoonekana. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma sauti. Kikidondoka, sauti inafifia na kuyumba, na mtu anadhani kaseti imekufa. Chukua kaseti isiyo na thamani ya ukubwa huohuo, fungua skrubu zake tano ndogo kwa bisibisi ya nyota, na uhamishie magurudumu yako yenye utepe ndani ya gamba hilo zima. Fanyia kazi hiyo juu ya sinia jeupe, maana rola na karatasi laini za pembeni huruka bila taarifa. Kama utepe umekatika katikati, selotepu ya kawaida haifai: gundi yake hutoka pembeni kwa joto letu na kuzigandisha tabaka pamoja. Inatakiwa selotepu maalumu ya kuungia tepe, ibandikwe upande wa ndani usiogusa hedi.

Jambo moja la dakika moja: vunja vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti. Bila hivyo, mtu akikosea kitufe anafuta kile unachotaka kuokoa.

Sasa deki. Ya mtumba kutoka Kariakoo au kwa fundi redio wa mtaani inatosha, mradi iwe deki ya mezani yenye matundu mawili ya nyuma, jekundu na jeupe. Vile vimashine vidogo vya plastiki vya kupigia kaseti, vyenye waya wa USB, sivipendi: mota zake hazitulii na sauti inayumba, na ukisharekodi yumbayumba hiyo huwezi kuitoa. Mwambie fundi abadilishe mikanda ya mpira hata kama deki inazunguka. Mpira wa zamani hulegea au huyeyuka ukawa kama lami, na hapo ndipo redio inapokula kanda. Rola inaendelea kuusukuma utepe mbele, lakini gurudumu la kupokea halina nguvu ya kuuvuta, kwa hiyo unajirundika na kujiviringisha. Deki yoyote ngeni ijaribiwe kwanza kwa kaseti isiyo na maana, pande zote mbili hadi mwisho.

Hedi na rola zisafishwe kila baada ya kaseti chache, na kila mara baada ya kaseti chafu. Tumia kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, na nyingine zina rangi au mafuta yanayobaki kwenye hedi, soma chupa. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, hiyo ni kutu ya utepe. Endelea hadi itoke nyeupe, na usipige mpaka pakauke.

Kabla ya kurekodi, peleka kaseti mbele hadi mwisho kisha irudishe yote. Utepe uliolala miaka thelathini umegandamana, na mzunguko huo unaulegeza na kuupanga upya. Halafu pima mwendo. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 unatakiwa kuchukua dakika 30 na sekunde kadhaa. Ukichukua 33, mkanda wa deki unateleza au mota imechoka; rudi kwa fundi.

Sauti ikiwa nzito, kana kwamba mwimbaji ameziba mdomo kwa kanga, usikimbilie kuongeza treble. Mara nyingi hedi ya deki yako haijasimama sawa na hedi ya redio iliyorekodi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipo, piga kaseti, kisha izungushe kidogokidogo, si zaidi ya robo mzunguko, huku ukisikiliza herufi “s” za waimbaji na ncha za gitaa la solo. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla. Ukipita inaziba tena. Irudishe hapo ilipofunguka. Kwa nyimbo za redioni, sikiliza njia zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zikiwa zimeunganishwa kuwa moja, kwa sababu kosa linasikika wazi zaidi hivyo. Hatua hii peke yake inashinda programu zote za kusafisha sauti, na ndiyo watu wengi wanayoiruka.

Kuunganisha ni rahisi, ila kuna mtego. Kompyuta nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la kupokea sauti, nalo ni la maiki, na linapokea njia moja tu, tena kwa nguvu ndogo, kwa hiyo muziki unakwaruza. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya kupokea, chomeka waya kutoka nyuma ya deki, na utumie programu ya kurekodi ya Audacity, ambayo ni ya bure. Weka 48,000 Hz na biti 24, sauti za juu kabisa zifike karibu na -6 dB, zisiguse sifuri. Hifadhi kama WAV: kaseti ya dakika 90 itachukua takribani GB 1.5. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Mara nyingi mngurumo huo ni umeme wa 50 Hz unaopita kwenye waya. Kama kwenye kaseti hakuna maandishi ya Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, kitufe chake kwenye deki kizimwe. Na umeme ukikatika katikati, bonyeza stop mara moja, rola isibaki imeukandamiza utepe kwa saa nzima.

Kuna tatizo ambalo mafundi wa nje hawalizungumzii sana lakini kwetu ni la kawaida: redio iliyorekodi ilikuwa kwenye betri zinazoisha. Mota ilipunguza mwendo wakati wa kurekodi, kwa hiyo leo, kwenye deki nzima, waimbaji wanapanda juu na kuharakisha kadiri upande unavyosonga. Deki haina kosa. Rekodi yote kama ilivyo, kisha kwenye nakala tumia amri ya kubadilisha mwendo, si ile ya kubadilisha tempo peke yake. Nusu toni moja ni karibu asilimia 6. Linganisha na toleo la wimbo huohuo lililo sawa, na ugawe upande katika vipande, kwa sababu kosa la mwanzo halilingani na la mwisho.

Ukishapata faili la upande mzima, usilikate. Hilo ndilo la kuhifadhi, pamoja na ukimya wake, salamu zake na milio ya vitufe. Nyimbo zikatwe kutoka kwenye nakala. Programu za kuondoa mkwaruzo nazo zitumike kwenye nakala tu, kwa mkono mwepesi. Ukizidisha zinafuta pumzi ya mwimbaji na sauti za chumbani ulizotaka kuzilinda.

Mwaka wa kurekodiwa mara nyingi umo ndani ya kaseti. Mtangazaji akisema Nuta Jazz, hujavuka mbali mwisho wa miaka ya 1970. Bendi hiyo ilikuja kuwa Juwata, kisha Ottu, kisha Msondo Ngoma, kufuata mabadiliko ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki. Mlimani Park, ile inayoitwa pia Sikinde, ilianza 1978, kwa hiyo wimbo wake wowote ni wa kuanzia hapo. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe akitajwa kuwa marehemu, ni Januari 1979 au baadaye. Ukisikia Radio One, ni 1994 au baadaye. Kumbuka tu kwamba wimbo wa zamani hupigwa tena miaka mingi, kwa hiyo kinachokupa tarehe ni maneno ya mtangazaji, siyo wimbo.

Kilichobaki kipo kwa wazee, na hakisubiri. Wapigie nakala kutoka kwenye simu yenye spika nzuri, na simu ya pili irekodi mazungumzo. Usiulize “Babu, wimbo huu unakukumbusha nini?” Swali hilo ni pana mno, utajibiwa “mengi” na mazungumzo yataishia hapo. Uliza vitu vinavyoshikika: redio ilikaa chumba gani, nani aliruhusiwa kuigusa, betri zilianikwa juani na nani, mlikwenda kucheza ukumbi wa DDC Kariakoo, Amana au Arnautoglu, mlirudi kwa miguu au kwa basi, nani hakuruhusiwa kwenda. Jina likitajwa kwenye salamu, simamisha na uulize ni nani. Akinyamaza, nawe nyamaza, wimbo uendelee. Wengi hurudi wenyewe kwenye korasi. Miaka ikimchanganya, usimsahihishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera, kabla au baada ya kifo cha Sokoine Aprili 1984, Mwalimu alikuwa bado Ikulu au tayari ni Mzee Mwinyi. Watu husahau tarehe, lakini huyo rais aliyekuwa redioni hawamsahau.

Andika majibu siku hiyohiyo kwenye faili la maandishi lenye jina sawa na la sauti, mfano “kaseti07_upandeA”, ukiweka dakika na sekunde: 12:40 salamu za shangazi kutoka Tabora, 21:05 mtoto analia. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye gamba la kaseti. Weka nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja nje ya nyumba, kwa ndugu au mtandaoni. Flashi peke yake haitoshi. Kaseti yenyewe usiitupe: irudishe mwanzo, isimamishe wima ndani ya boksi lake, kwenye kabati la ndani mbali na ukuta wa nje, mbali na spika na juu ya friji.

Barua za sauti na kaseti za ugomvi wa kifamilia zisikilizwe na wahusika kwanza, kabla ya kumfikia mwingine. Na nyimbo za bendi zina wenyewe. Kuwapa ndugu zako ni jambo moja, kuziweka hadharani mtandaoni ni jambo jingine, na hilo waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tuma kipande kifupi, dakika mbili au tatu, chenye salamu ndani yake, na uulize sauti hiyo ni ya nani. Kitume kama dokumenti. Ukikipiga kwenye spika na kukirekodi upya kama ujumbe wa sauti, gitaa la besi linapotea lote, na wazee wa Mbagala na Kigamboni wanaosikiliza kwa simu ndogo hawatamtambua mtu.