Wimbo wa saba msiuguse

Nimetoka kubishana na rafiki yangu mpaka simu ikaisha chaji.

Chanzo? Albamu ya mwaka 2006! First Impressions of Earth, ya The Strokes.

Kwa wasiowajua, ni bendi ya roki ya New York. Albamu zao mbili za mwanzo zilikuwa na nyimbo 11 kila moja, dakika thelathini na kitu, basi. Unabaki na hamu.
Hii ya tatu ina nyimbo 14. Dakika kama 52.

Mwenzangu anasema nusu ya kwanza ni moto, nusu ya pili wangeiacha studio. Hapo sina ubishi sana, maana kuanzia wimbo wa tisa hivi hata mimi huanza kuangalia saa.

Tumegombana kwa ajili ya wimbo wa saba.

Hauna ngoma wala gitaa. Kuna melotroni tu, kile kinanda cha zamani chenye sauti kama ya fidla zilizochoka, na mwimbaji wao, Julian Casablancas, akirudia rudia kwamba hana la kusema.

"Si amekiri mwenyewe? Kama huna la kusema, nyamaza!"

Nikacheka. Kisha nikakasirika. (Bado nimekasirika kidogo.)

Nimeusikiliza tena sasa hivi, taa nimezima. Sauti yake iko karibu mno, kama mtu anayeongea peke yake akidhani nyumba nzima imelala.

Haya, mnaoijua albamu hii: mngekata nyimbo zipi?
Ila wa saba msiuguse.