Watu wanne, losheni moja: jinsi nilivyokuja kujua ngozi zetu hazifanani

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu kulikuwa na kopo moja kubwa la losheni na sabuni moja ya kipande, wote tunatumia hiyo hiyo, mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kike na mtoto wetu wa miaka 4. Sikuwahi kuona shida, nilijua losheni ni losheni tu. Kumbe ngozi nne tofauti kabisa na kila mmoja anateseka kivyake kimya kimya, anadhani ndo alivyoumbwa.

Mimi uso wangu ni wa mafuta toka nina miaka 14. Ikifika mchana paji na pua vinang'aa, chunusi za kidevuni haziishi, kwahiyo nikawa naosha. Yaani naosha asubuhi, naosha mchana, naosha jioni, naosha kabla ya kulala, na skrabu ile ya chenga chenga kila siku maana niliamini mafuta ni uchafu na uchafu dawa yake kusugua. Nikimaliza uso unavuta kama ngozi imepungua saizi, nikaona ndo usafi wenyewe huo. Losheni usoni sipaki kabisa, nitapakaje mafuta juu ya mafuta? Baada ya saa moja mafuta yale yale yamerudi, ila sasa pembeni ya pua panachubuka na hata maji yakigusa panawasha.

Kilichonifumbua macho wala haukuwa uso wangu, ni mtoto. Alikuwa anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti hadi damu inatoka, usiku halali, na mimi silali. Daktari wa ngozi akasema ni ukurutu, af akauliza anaogeshwa na nini, anapakwa nini. Nikamtajia. Akanieleza kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue: ngozi kwa asili ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) iko kwenye 5 hivi, wakati sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10, kwahiyo kila ukiosha unauvuruga ule ukuta wa juu unaozuia maji yasitoke na vitu vya nje visiingie. Ngozi imara inajirudi, ya mtoto mwenye ukurutu hairudi kirahisi. Halafu akanitazama usoni akaniuliza, "Na wewe mama, kwa siku unaosha mara ngapi?"

Nilipomwambia akasema tezi za mafuta zinaendeshwa zaidi na homoni, huwezi kuzizima kwa kuosha. Ninachofanya ni kuikausha ngozi ya juu huku mafuta yanaendelea kutoka chini. Nina mafuta mengi na wakati huo huo ngozi haina maji. Hapo ndo nilielewa kuwa kukosa mafuta ni kitu kimoja na kukosa maji ni kingine, na kwa kweli hili ndo limenisaidia kuliko krimu yoyote niliyonunua.

Akatupa kipimo cha nyumbani ambacho hakina gharama. Osha uso kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, jikaushe kwa kugusa gusa na taulo usisugue, usipake chochote, kaa saa 1 af jiangalie na ujibandike tishu. Tulifanya wote jumamosi moja. Yangu ilitoka na mafuta kila sehemu. Mume wangu alitoa kwenye paji na pua tu, mashavu makavu, hiyo ndo wanaita ngozi mchanganyiko. Mdogo wangu tishu safi kabisa na uso unamvuta, akabaki ameishikilia anasema dada kumbe mimi ndo maana miguu inapauka hata nipake mara tatu.

Basi tukagawana. Mimi niliacha skrabu siku hiyo hiyo. Kuosha mara 2 tu, na nikitoka jasho sana mara ya tatu. Nikaanza kupaka losheni nyepesi ya jeli isiyo na mafuta, siku za mwanzo nilikuwa naogopa kweli kweli. Kwa chunusi nikachukua asidi ya salisiliki ya asilimia 2, hii inayeyuka kwenye mafuta ndo maana inaweza kuingia ndani ya vitundu vya ngozi vilivyoziba. Nilianza usiku 2 kwa wiki, sio kila siku, maana ngozi ilikuwa imeshachoka. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, nikataka kuacha. Ila ngozi inajibadilisha kwa takriban wiki 4, kwahiyo ukihukumu bidhaa kwa siku 5 unaionea. Wiki ya sita ndo niliona kidevu kimetulia.

Mdogo wangu yeye shida ilikuwa muda wa kupaka. Alikuwa anaoga maji ya moto sana, anajikausha mpaka anakauka kabisa, anavaa, af ndo anakumbuka losheni. Sasa anapaka ndani ya dakika 3 baada ya kutoka bafuni ngozi bado ina unyevu, krimu nzito yenye gliserini, na juu yake kwenye visigino na magoti anaongeza mafuta ya mgando kidogo. Watu wanayadharau mafuta ya mgando lakini kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni vitu vichache vinayashinda. Hayaleti maji yenyewe, yanafungia yaliyopo, ndo maana ukipaka kwenye ngozi iliyokauka unang'aa tu na ndani bado pakavu. Mimi usoni siyataki, ni mazito mno kwangu.

Sasa naomba niseme hili kwa uchungu kidogo. Kabla ya haya yote niliuziwa krimu ambayo haina orodha ya viambato, naambiwa inaondoa chunusi na madoa ndani ya wiki. Na kweli, siku 6 uso laini na umetakata. Nilipoacha baada ya kama mwezi mmoja chunusi zilirudi maradufu na uso mzima unawaka moto. Daktari akaniambia kwa dalili zile yaelekea ilikuwa na steroidi. Steroidi ni dawa, hata mtoto wangu alipewa, lakini ni ya kupaka kwenye sehemu zilizowaka kwa siku alizoandikiwa basi, sio ya kupaka uso mzima kila asubuhi, inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Na krimu nyingine za kujichubua zina zebaki, ambayo inapita kwenye ngozi na kuharibu figo. Krimu isiyosema ndani yake kuna nini sinunui tena, hata ikisifiwa na nani.

Madoa yaliyobaki ndo kazi ndefu. Kwa ngozi nyeusi chunusi inapona wiki moja, doa lake linakaa miezi, na jua linalikoleza. Nilikuwa nadhani losheni ya kuzuia jua sio ya watu weusi. Sasa napaka ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua) kila asubuhi, inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, ukipaka ya kutosha, na ya kutosha ni mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo. Ya kwanza iliniacha na weupe kama nimepakwa majivu, nikabadilisha nikapata ya jeli.

Na kitu kipya chochote mtu akileta nyumbani tunakijaribu kwanza ndani ya mkono siku kadhaa, hii tulijifunza kwa mtoto, yeye hata manukato tu yanamwasha. Krimu yake haina harufu, kuoga ni dakika 5 mpaka 10 maji ya uvuguvugu, anapakwa mara 2 kwa siku hata kama ngozi inaonekana nzuri. Akiamka na mikunjo myekundu najua kuna kitu kimebadilika, mara nyingi ni sabuni ya kufulia.

Sa hivi mimi madoa mawili ya shavuni bado yapo, yamefifia. Mtoto analala usiku kucha. Kopo lake nimeliandika jina kwa kalamu ya wino na nimeliweka juu kabisa, maana mume wangu alishaanza kulichota.