Santuri za Baba Forodhani

Nilipohamia Uingereza mwaka 2018, sikuwa tayari kuziacha Tanga santuri alizoniachia marehemu baba, za bendi za zamani: Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika.

Forodha ya huko humsamehe ushuru na kodi mtu anayehamisha makazi, mradi awe ameishi nje ya nchi hiyo kwa miezi 12 mfululizo, na vitu vyake awe amevimiliki na kuvitumia kwa muda usiopungua miezi 6. Nguo na vyombo havikuulizwa. Kontena lilipofika bandari ya Felixstowe, wakala wangu, Mtanzania mwenzetu, alinipigia simu: “Dada, wameona nyimbo zilezile zinajirudia kwenye orodha. Wanauliza kama unaleta biashara.”

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa refu. Baba alikuwa akipiga muziki kwenye harusi, na sindano nzito za gramafoni za wakati ule zilikuwa zikichimba mifereji ya santuri hadi sauti ikakwaruza. Kwa hiyo wimbo uliopendwa aliununua mara mbili, hata mara tatu. Isitoshe, bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania, lakini santuri zenyewe zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 nakala mpya zikawa adimu, naye akazitunza za akiba kama mbegu. Hayo yote niliyaandika katika barua.

Kilichosaidia zaidi, naamini, ni mkono wake mwenyewe. Kwenye kila jalada aliandika kwa wino wa buluu jina lake, mwezi na mwaka wa kununua, na pembeni, kwa herufi ndogo, harusi ambako santuri ile ilipigwa mara ya kwanza. Nilimwomba wakala apige picha majalada hayo, pamoja na lebo zilizochanika kuzunguka tundu la katikati, aziambatanishe na barua. Msamaha ulitolewa bila kulipa chochote.

Ulikuja na sharti: kwa miezi 12 nisiuze, nisikodishe wala nisimwazime mtu. Shemeji yangu alipoziomba kwa ajili ya harusi ya mwanawe, nilikwenda nazo mwenyewe, nikakaa kando ya gramafoni usiku kucha nikizibadilisha moja baada ya nyingine.