Namna nilivyoshughulikia gobore alilotuachia marehemu baba

Marehemu baba alituachia shamba la alizeti, ng'ombe kumi na mmoja na gobore moja, bunduki ya kizamani ya kushindilia baruti na gololi kwa mdomo wa mtutu, lililokuwa likining'inia juu ya kitanda chake tangu nikiwa mtoto. Kijiji chetu kiko wilayani Chemba, si mbali sana na Pori la Akiba la Swagaswaga, na miaka ya nyuma mzee alilitumia kufukuza ngiri waliokuwa wakifukua mazao usiku, na mara mojamoja kuwinda kanga kwa kibali. Shamba na ng'ombe tuligawana kwa nusu siku bila ugomvi. Gobore lilinichukua karibu mwaka mzima.

Kosa la kwanza nilikaribia kulifanya siku ya tatu baada ya arobaini. Mimi ndiye niliyeteuliwa na kikao cha ukoo kusimamia mirathi, na kwa kuwa ninaishi Dodoma mjini, niliona jambo la busara ni kulifunga gobore kwenye gunia, kupanda nalo basi la asubuhi na kulipeleka mwenyewe polisi. Baba mdogo alinikuta nikikata kamba. Akaniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, wakisimamisha basi njiani na kufungua hilo gunia, utawaambia ni la nani? La marehemu?" Sikuwa na jibu. Leseni ya kumiliki silaha ni ya mtu mmoja aliyetajwa humo, na mtu huyo akifariki haihamii kwa mtoto pamoja na nyumba na mifugo. Tangu siku ya msiba, hapakuwa na mtu yeyote katika ukoo wetu aliyekuwa na haki ya kulibeba.

Baba mdogo, ambaye naye aliwinda ujanani, alikuwa na wasiwasi mwingine ambao mimi mtu wa mjini nisingeufikiria. Alilielekeza gobore kwenye kichuguu nyuma ya zizi, akalikagua kwanza kuhakikisha kwamba halikuvikwa fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, kisha akachomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kuuteremsha polepole ndani ya mtutu hadi ukagota. Akaubana kwa kidole gumba pale mdomoni mwa mtutu, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake iliishia vidole vinne kabla ya kufika pale fataki inapokaa. Maana yake ni kwamba vidole vinne vile vilikuwa baruti, kitambaa na gololi: gobore la marehemu lilikuwa limeshindiliwa, na kwa miezi yote ya ugonjwa wake wajukuu walikuwa wakilala chini yake. Sikuthubutu kuligusa tena. Hatukujaribu kulitoa risasi wala kulifyatua hewani. Nilimpigia simu afisa mtendaji wa kijiji, naye akamwita polisi kata, ambaye alikuja siku iliyofuata na mwenzake, wakaliandikia hati ya kulipokea na kuondoka nalo ili likafunguliwe na mtaalamu wao wa silaha.

Hati ile ya makabidhiano ndiyo karatasi iliyoniokoa baadaye, na ningemshauri yeyote aliye katika hali kama yangu asikubali silaha itoke nyumbani bila karatasi yenye tarehe, jina, cheo na namba iliyogongwa kwenye mtutu. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, jalada letu lilipotea, na nikaambiwa nithibitishe upya kwamba silaha haiko mikononi mwangu. Bila karatasi hiyo ningekuwa mtuhumiwa badala ya mlalamikaji.

Mdogo wangu hakufurahishwa na hatua hiyo. Alikuwa ametazama video nyingi za wawindaji wa Marekani wenye bunduki za kisasa za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, zile zenye darubini na fataki iliyofungiwa nyuma ya mtutu katika mstari mmoja na baruti, na akawa ameshawishika kwamba silaha ya namna hiyo "haihesabiki kuwa bunduki". Sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli, lakini ni kweli ya huko. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inaziweka bunduki nyingi za kushindilia katika kundi la silaha za kale, hata zikiwa zimetengenezwa juzi, mradi zitumie baruti nyeusi au mbadala wake na zisiweze kupokea risasi ya kawaida yenye ganda. Hata huko kila jimbo lina masharti yake ya msimu na aina ya silaha inayoruhusiwa kwa uwindaji. Hapa kwetu msamaha huo haupo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, gobore lisilo na leseni ni silaha haramu, na kesi za namna hiyo hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Kuagiza ile ya kisasa kutoka nje bila kibali cha polisi kupatikana kwanza kungekuwa kujitafutia jela kwa gharama kubwa. Isitoshe, baruti yenyewe haiuzwi dukani kama sukari.

Nilitaka pia aelewe kwamba leseni ya silaha na leseni ya kuwinda ni vitu viwili. Mtu anaweza kumiliki bunduki kihalali na bado akashtakiwa kwa ujangili, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali cha mnyama husika, na inakataza uwindaji wa usiku na wa kutumia gari. Halafu kuna suala la silaha yenyewe. Gobore hutoa risasi moja, na kabla hujamaliza kushindilia ya pili, mnyama uliyemjeruhi ameshapotelea vichakani akafie huko, au amekurudia. Mzee alikuwa na kovu la jino la ngiri kwenye paja la kushoto, na hakupenda kulizungumzia.

Taratibu za mirathi zilikuwa za kawaida: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo. Gobore niliandika katika orodha ya mali, Fomu Namba 5, pamoja na maelezo kwamba liko polisi. Karani alishangaa, akasema wengi huwa hawaandiki.

Ilipofika zamu ya kuamua, nilikuwa na njia mbili: kuomba leseni kwa jina langu, au kulisalimisha moja kwa moja. Nilianza na ile ya kwanza, nikaandika barua serikali ya mtaa, nikajua kwamba ombi lingepanda kwenye kata, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwenye kamati ya usalama na kuendelea juu, na kwamba ningetakiwa kueleza sababu ya kutaka silaha na mahali pa kuihifadhi. Nilipokaa kuijaza sababu hiyo, kalamu iligoma. Sina shamba lenye ngiri, siwindi, na nyumba yangu ya kupanga Nkuhungu haina hata ukuta wa kuchimbia kabati la chuma. Nikaiacha barua, nikaandika nyingine ya kulisalimisha. Mdogo wangu alitia saini bila kusema neno.

Lilibaki jambo moja. Pamoja na gobore, chini ya kitanda tulikuta pembe mbili za tandala na pembe moja fupi ya kuwekea baruti yenye kizibo cha mti. Pembe za tandala ni nyara za Serikali, na kwa kuwa hatukuona kibali chake, niliziandikia barua na kumkabidhi afisa wanyamapori wa wilaya. Ile ya baruti aliigeuzageuza kwa muda mrefu, akainusa, akaikwaruza kwa kucha, kisha akacheka: ilikuwa ya ng'ombe. Alinirudishia ikiwa tupu, pamoja na kipande cha karatasi chenye mhuri kinachosema hivyo. Nimezitundika zote mbili sebuleni, pembe na karatasi yake, kwa sababu kila mgeni anayeingia anauliza.