Bingwa Niliyemkuta Tangamano na Gokati za Utotoni Mombasa

Mashindano ya magari yanapofika Tanga, watu wengi huisubiri siku ya mbio zenyewe, wakatoka alfajiri kwa baiskeli, pikipiki na daladala kwenda kujipanga kando ya barabara za mashamba ya mkonge nje ya mji. Mimi huipenda zaidi siku inayotangulia, magari yanapokusanywa uwanjani kwa ukaguzi na maonesho. Gari la mashindano likikupita kwa kasi huoni zaidi ya vumbi na mkia wake, ilhali likiwa limesimama unaweza kulizunguka, kuinama, kutazama mabomba ya chuma yaliyochomelewa ndani ili kumkinga dereva gari likibiringika, na kuwauliza wenyewe maswali.

Safari hii, katika viwanja vya Tangamano, nilimkuta bingwa wa zamani wa taifa, mtu mzima aliyekwisha kuacha kushindana na ambaye alikuja kumwongoza dereva kijana. Simtaji jina kwa kuwa sikumwomba idhini ya kumwandika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na alipoona kwamba macho yangu yameganda kwenye usukani wa Subaru Impreza iliyokuwa wazi mlango, akaniambia niingie nikae. Kisha akaingiza mkono na kunirekebisha vidole: gumba lilale juu ya ukingo wa usukani, lisikunjwe kwa ndani, maana tairi la mbele likigonga jiwe usukani hurudi kwa nguvu na huweza kulivunja gumba kabla dereva hajajua kilichotokea. Juu ya kiti cha msoma ramani palikuwa na daftari lililoandikwa kwa penseli, kila kona ikiwa na namba ya ukali wake na alama za hatari zilizofichika mbele. Nilikuwa bado nalitazama aliponiuliza, "Na wewe, binti yangu, umewahi kuendesha chombo gani cha mashindano?"

Nilimjibu kwamba sijaendesha chochote isipokuwa gokati, kile kigari kidogo cha mbio kilicho wazi, tena utotoni, Mombasa. Uso wake ukachangamka. Akavuta tairi la akiba, akalikalia, akataka nimweleze uwanja ule kona kwa kona.

Mjomba wangu alikuwa akiishi Mombasa, na likizo za shule zilipofika tulipelekwa kwake: tulivuka mpaka Horohoro, tukapita Lunga Lunga na Ukunda, tukaingia kivukoni Likoni tukiwa tumechoka na joto. Jioni mojawapo ya kila likizo ilikuwa ya gokati, katika kiwanja kilichokuwa pwani ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Taa ziliwashwa magharibi ikishaingia, na harufu ya petroli na mpira uliochomeka ikachanganyika na upepo wa bahari. Kiti kilikuwa kikubwa kwangu, hivyo mke wa mjomba alikuja na mto wa kochi na kuuweka nyuma ya mgongo wangu ili miguu ifike kwenye pedali, na kabla ya kunivika helmeti aliukusanya mtandio wangu wote na kuusokomeza ndani ya kola, kwa sababu ekseli ya gokati, yaani chuma kinachounganisha matairi ya nyuma, huzunguka wazi nyuma ya dereva na kitambaa kinachopepea kinaweza kunaswa. Alilikagua jambo hilo kwa mkono wake kila mara, na leo ninaelewa kwamba ndilo lililokuwa la maana kuliko yote aliyoyafanya jioni ile.

Kutoka hapo ardhi ilikuwa chini yangu kabisa. Gokati haina springi wala shokapu, na kila mshono wa lami ulinipanda uti wa mgongo. Binamu zangu wa kiume walikuwa na desturi ya kukanyaga mafuta hadi mwisho kabisa wa njia iliyonyooka, kisha kufunga breki kwa ghafla kwenye kona kali iliyokuwa mbali na lango. Gokati zao ziligeuka mikia, zikasimama, na injini zikaanza kulalama upya. Mimi nilikuwa mwepesi na mwoga wa kona ile, nikaachia mafuta mapema, nikageuza usukani taratibu, na nikajikuta nimeshakanyaga tena wakati wao bado wanahangaika. Niliwapita hapo, na nikaendelea kuwapita hapohapo likizo baada ya likizo, bila mtu yeyote kunieleza ni kwa nini.

Aliyenieleza ni mzee yule wa Tangamano. Gari la kawaida lina difu, ambayo huruhusu tairi la nje ya kona kuzunguka haraka kuliko la ndani, kwa kuwa la nje lina mwendo mrefu zaidi wa kupita. Gokati haina difu: matairi yote mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu na ni lazima yazunguke sawasawa. Ili chombo kikubali kukata kona, tairi la nyuma la ndani sharti liinuke kidogo au lipunguziwe uzito, na linaloliinua ni mpangilio wa magurudumu ya mbele unapogeuza usukani, pamoja na fremu yenyewe ambayo hujipinda na kufanya kazi ya springi. Dereva akivamia kona kwa pupa, tairi lile halikai mahali pake, matairi yanakwaruza lami, na mwendo unakufa. Injini ya gokati za kukodi ni ndogo, haina nguvu ya kuurudisha mwendo huo upesi, kwa hiyo kila ulichokipoteza kwenye kona utakilipia njia nzima inayofuata.

Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku ile. Alisema kwamba gari kama lile Subaru, lenye turbo na kuendeshwa na magurudumu yote manne, humfichia dereva makosa yake, kwani akiingia kona vibaya nguvu ya injini humtoa, naye hudhani ameendesha vizuri. Gokati haimfichii mtu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipata utotoni. Alijifunza kwa pikapu kwenye barabara za changarawe za mkonge, na alikiri, akiwa bingwa mwenye vikombe nyumbani, kwamba ilimchukua miaka mingi ya mashindano kuyatambua mambo ambayo mtoto wa gokati huyahisi mwilini katika msimu wake wa kwanza.

Historia inampa haki. Gokati ya kwanza iliundwa mwaka 1956 huko California, Marekani, na Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, na ndani ya miaka michache mchezo ukawa umeenea hata ukapata mashindano yake ya dunia. Ayrton Senna alitoka huko. Alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa gokati mwaka 1979 na tena 1980, kabla ya kuwa bingwa wa Formula 1 mara tatu. Lewis Hamilton alianza gokati akiwa na miaka 8, baba yake akifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia matairi na injini. Mwaka 1995, akiwa na miaka 10, alimfuata Ron Dennis, mkuu wa timu ya Formula 1 ya McLaren, kwenye hafla ya tuzo, akamwambia kwamba angependa siku moja kuendesha magari yake. McLaren ikamchukua mwaka 1998 katika mpango wake wa vijana, na mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia kwa gari la timu hiyohiyo. Ninaamini kwamba mtoto akikutana na bingwa ana kwa ana hupata kitu ambacho televisheni haiwezi kumpa, na nililiona hilo Tangamano, wavulana na wasichana wa shule za msingi walipokuwa wakipokezana helmeti ya mzee yule.

Wala sisi si wageni katika michezo hii. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi wake alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilitumia kama teksi. Mwaka 1983 Michèle Mouton, dereva mwanamke wa Ufaransa, alimaliza wa tatu katika Safari hiyo kwa Audi Quattro, na mzee alimtaja kwa heshima kubwa, akinitazama mimi.

Kinachokosekana Tanga ni daraja la kwanza la ngazi. Kijana wetu anayetaka mbio huanzia kwenye bodaboda barabarani, ambako kosa moja linamaliza maisha, au husubiri awe na fedha za kununua gari kamili, yaani husubiri kisichokuja. Gokati inaweza kutengenezwa hapahapa. Nyingi za kukodi hutumia injini za Honda za aina ileile inayosukuma pampu za maji mashambani, kwa hiyo vipuri vipo na mafundi wanaijua. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni zaidi kidogo ya mita moja, mabomba ya fremu yanachomeleka, na uzio wa uwanja ni matairi chakavu yaliyofungwa pamoja. Vya kununua bila kubana matumizi ni helmeti nzuri, breki, na kifuniko cha cheni na ekseli. Nimeshazungumza na fundi wa kuchomelea wa Ngamiani kuhusu fremu ya kwanza. Ameomba mchoro wenye vipimo, na mzee wa Tangamano amekubali kuupitia kabla chuma hakijakatwa.