Rangi Mpya ya Mwisho wa Agosti

Mwisho wa Agosti ploti za Lurambi, hapa Kakamega, hunuka rangi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakaribia kuripoti, na wenye nyumba wanajua fika kwamba mzazi aliyetoka Kitui au Kilifi na mwanawe hana siku za kuzunguka akitafuta chumba. Anafunguliwa mlango, anaona ukuta mweupe, anauliza habari ya maji na usalama, analipa kodi ya muhula mzima na kupanda basi la usiku kurudi kwao. Ikifika Novemba mtoto anapiga simu kusema viatu vimeota ukungu, kifua kinambana, na keyateka, yule msimamizi wa ploti, anasema kosa ni lake kwa sababu hafungui dirisha.

Niko Kakamega tangu nilipoingia chuo kusomea uuguzi, na haya nawaandikia hao wanaokuja pamoja na wazazi wao. Inaniuma kusikia mwanafunzi akiitwa mchafu kwa sababu ya ukungu ulio ukutani. Ukungu hufuata maji, na maji huwa yana mahali yalipopitia. Asiyetafuta hapo mahali atapaka rangi kila mwaka, na kila mwaka kutakuwa na mtoto wa watu anayelala kando ya ukuta uliolowa.

Kakamega inanyesha, jamani. Tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi. Asubuhi ni jua kali, saa nane mchana mawingu yanakusanyika, saa kumi mabati yanapigwa hadi humsikii mtu mliyekaa naye kitanda kimoja. Na masika ya hapa hayaishi Mei. Juni, Julai, Agosti, sehemu nyingi za nchi zikiwa kavu, sisi bado tunaanika nguo kwa kuvizia. Nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, ambayo ni rahisi na yanapatikana kila mahali, lakini yana kiu. Tofali la aina hiyo ukilimwagia maji utayaona yakiingia.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa cha chini, upande wa nyuma ya ploti, shilingi elfu nne kwa mwezi, na tulikaa wawili. Kilikuwa kimepakwa rangi ya krimu. Mvua za Oktoba zilipoanza, ukuta wa nyuma ulianza kubadilika kutoka chini. Kwanza palitokea mstari wa rangi ya chai, umejipindapinda, kama futi mbili kutoka sakafuni. Chini ya mstari huo rangi ikafura vipovu, na ukikibonyeza kipovu kwa kidole gumba kinapasuka na kumwaga unga mweupe. Nyuma ya kitanda, pale mbao zilipogusana na ukuta, palitokea madoadoa meusi yaliyokuwa yakiungana. Viatu vyangu vyeusi vya wodini nilivyoviweka chini ya kitanda vikafanya manyoya ya kijani. Tulipoligeuza godoro, upande wa chini ulikuwa na madoa yale yale.

Mwenzangu ana pumu tangu utotoni. Nyumbani kwao Lodwar inhela ilikuwa kitu cha kukaa ndani ya droo. Hapa ikawa chini ya mto. Alikuwa akiamka usiku wa manane, anakaa kitako ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, nami nampimia pumzi kwa saa ya mkononi. Nilisomeshwa darasani namna ya kufanya hivyo. Sikusomeshwa namna ya kumfanyia rafiki yako kila juma, ukijua kwamba kinachomtesa kiko kwenye ukuta alioulalia.

Tukamwita keyateka. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Dada, nyinyi mnapikia ndani na dirisha mmefunga. Hii ni mvuke yenu."

"Mzee wangu, mvuke gani unaanzia sakafuni?"

Hakujibu. Siku chache baadaye alikuja na kopo la rangi. Kabla muhula haujaisha, ule mstari wa chai ulikuwa umerudi, na safari hii ulikuwa juu kidogo.

Aliyenifungua macho ni baba yangu. Ni fundi wa mawe, amejenga Butere na Mumias maisha yake yote. Alipitia Kakamega kununua vifaa, akaja kuniona. Hakumaliza hata chai. "Mama," akaniambia, maana nimepewa jina la mama yake, "hebu tusogeze hiki kitanda." Akaukwangua ule unga mweupe kwa kucha, akaudondoshea tone la maji kwenye kiganja. Ukayeyuka. "Hii ni chumvi ya matofali na udongo. Maji yakipanda huibeba, yakikauka huiacha hapa. Haya meusi ndiyo ukungu wenyewe." Kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akaniita.

Nyuma kulikuwa na mteremko. Aliyejenga aliuchimba, akaweka nyumba, na udongo ukaachwa umeegemea ukuta hadi juu ya kiwango cha sakafu ya ndani. Paa upande huo halikuwa na gata. Maji ya mabati yalikuwa yamechimba mfereji chini ya ukingo wake, yakianguka yanaruka na kupiga ukuta. Baba akaeleza kwamba kila nyumba inatakiwa kulazwa karatasi nyeusi isiyopitisha maji juu ya msingi, ile mafundi wanayoiita DPC, ili unyevu wa ardhini usipande kwenye matofali. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya karatasi hiyo kwa inchi sita hivi. "Hapa hata kama waliiweka, iko ndani ya udongo. Maji yameipita juu."

Kabla hajaondoka alikata vipande viwili vya karatasi ya nailoni, akavibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, kimoja chini nyuma ya kitanda, kingine juu kwenye kona ya dirisha. Akasema niviache, kisha niangalie maji yako upande gani. Kipande cha chini kililowa upande wa nyuma, ule unaogusa ukuta: maji yanatoka ndani ya ukuta. Cha juu kililowa mbele, upande wa chumba: huo ulikuwa mvuke wetu. Kwa hiyo keyateka alikuwa na ukweli wake kuhusu ile kona ya juu, nasi tulikuwa na wetu kuhusu ukuta mzima wa nyuma.

Upande wetu tulirekebisha mara moja. Watu wawili waliolala chumba kimoja hutoa kama nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho, usiku mmoja tu. Ongeza sufuria ya maharagwe juu ya koili, ongeza nguo zilizoanikwa ndani kwa kuwa kamba ya nje ina wezi, na chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi. Matundu ya hewa juu ya dirisha tuliyakuta yameshindiliwa magazeti na waliotutangulia, bila shaka kwa kuogopa mbu. Tukayazibua na kupigilia wavu wa mbu. Kitanda tukakitenga na ukuta kwa upana wa kiganja. Nguo tukawa tunazianika kwa zamu, mmoja akisoma nje karibu na kamba. Kona ya juu ikakauka na haikurudia tena.

Kusafisha nako kuna namna yake. Wengi hukimbilia Jik. Kwenye vigae inafaa, lakini ukutani, kwa plasta inayonyonya, weupe unaouona ni wa juu juu na maji yake yanabaki kuulisha ukungu uliojificha ndani. Sabuni, maji kidogo, kitambaa, barakoa puani, kisha pakaushwe vizuri. Usisugue ukungu ukiwa mkavu, utaupeperusha chumba kizima. Na tafadhali, msichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi mkidhani mnaiongezea nguvu. Inatoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu, na kwa mtu wa pumu ni hatari kubwa.

Kuhusu afya siongezi chumvi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likiuhusisha na pumu, kukohoa, kifua kutoa mluzi na maambukizi ya njia ya hewa. Halikuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama. Lilisema dawa ni kuzuia unyevu wenyewe. Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukabaini chanzo ni ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Wazazi wake, watu wa Sudan, walikuwa wamelalamika kwa miaka wakielekezwa kupaka rangi. Sheria ya huko ilibadilishwa kwa jina lake. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga simu nikatoka nje.

Sisi tunashtaki wapi? Nilidhani kwenye mahakama ya kodi za nyumba. Lakini sheria hiyo, sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho leo ni nadra kukipata karibu na chuo. Mlango uliofunguka ni Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242. Kifungu cha 118 kinahesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kumpa mwenye nyumba notisi ya kuiondoa. Maafisa hawa ni wa kaunti. Mwanafunzi hahitaji wakili. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, wapangaji wa vyumba vyote vya nyuma tukatia sahihi, tukaambatanisha picha. Afisa alikuja, mama mmoja mpole mwenye gambuti, akazunguka pale pale baba alipozunguka.

Mwenye nyumba alikasirika, lakini alifanya kazi. Udongo ulichimbwa ukasogezwa mbali na ukuta, mfereji ukatengenezwa wa kupeleka maji barabarani, gata ikawekwa. Plasta ya chini ilibanduliwa ukuta upumue. Baba alikuwa ameonya kwamba ukuta haukauki kwa haraka, hesabu ya mafundi ni mwezi mzima kwa kila inchi ya unene, na anayepaka rangi kabla ya hapo anafungia maji ndani. Ikawa kweli. Mwenzangu hakusubiri, alihamia ghorofa ya kwanza, na ninafurahi kwamba alihama. Inhela imerudi kwenye droo.

Basi, mzazi unayeleta mtoto, na wewe mdogo wangu unayekuja peke yako na begi: chumba kionwe siku iliyofuata mvua, ikiwezekana. Sogeza kitanda. Pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu, papasa pembe zote. Fungua kabati uingize pua. Zunguka nyuma ya nyumba uone udongo umefika wapi na maji ya mabati yanaanguka wapi. Hilo linakuambia mengi kuliko rangi. Mgongee jirani wa chumba cha chini umuulize Novemba hali huwaje. Piga picha za kuta kabla ya kutoa hata shilingi, na omba kulipa mwezi kwa mwezi, kwa sababu aliyekwisha kupokea pesa za muhula mzima hana haraka ya kuja na sepeto. Na kama keyateka hataki kitanda kisogezwe, shukuru uondoke. Mitaa ya Amalemba na Kefinco ni mwendo wa miguu, na huko pia kuna vyumba.