Kurasa 38 zilivyogeuka karatasi moja

Mwongozo wangu wa kwanza wa Excel ulikuwa na kurasa 38. Niliuandikia wenzangu kazini, nikaeleza kila menyu na picha za skrini juu. Wiki haijaisha, mmoja akanijia: "Samahani kaka, hizi alama za reli zimetoka wapi?" Seli zake zilijaa #####. Jibu lilikuwa ukurasa wa 21. Nikamwonyesha jinsi ya kupanua safu, akaondoka.

Basi nikaomba nikae nyuma ya watu watatu wakiwa kazini, mimi kimya. (Hapo ndipo pagumu, mkono unakuwasha kushika kipanya.) Hakuna aliyegusa utangulizi. Waliingia kazini moja kwa moja, wakakosea, ndipo wakatafuta msaada. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa IBM waliona hayohayo miaka ya 1980, kwa watu waliojifunza programu za kuandikia nyaraka.

Nikaanza upya. Kichwa "VLOOKUP", jina la fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, kikawa "Kuvuta bei kutoka orodha nyingine". Chini yake hatua chache, kila moja tendo moja, na maneno ya menyu yameandikwa vilevile yanavyoonekana kwenye skrini. Picha nilibakiza mbili. Toleo likibadilika, picha ndiyo ya kwanza kupotosha.

Nafasi iliyobaki niliipa sehemu niliyoiita "Ukiona hivi". Ukiona #N/A (yaani haikupatikana) na bei unaiona kabisa kwenye orodha, huenda namba ya bidhaa upande mmoja imehifadhiwa kama maandishi, au kuna nafasi tupu imejificha mwishoni. Ukinakili fomula kwenda chini na majibu yakaharibika, rudi ufunge eneo la orodha kwa alama ya $. Lililonitia hofu zaidi ni lile lisilotoa onyo lolote: ukisahau kuweka 0 mwishoni mwa VLOOKUP, programu hutafuta kinachokaribiana, na unaweza kupewa bei ya bidhaa nyingine bila kushtuka. Hilo nililikoleza wino.

Nilimpa karatasi dada mmoja ambaye hakuwa kati ya wale watatu. Akakwama hatua ya tatu, kwa sababu nilikuwa nimebana matendo mawili humo licha ya kanuni yangu mwenyewe. Nikayatenganisha.

Siku chache baadaye nikaiona kando ya skrini yake. Juu kabisa ameandika kwa kalamu: "Kwanza Ctrl+Z." Hiyo hutengua ulichofanya mwisho, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Toleo la pili linaanza na mstari wake.